Kilio Kingoje Sanduku

Watu wa avenyu yetu tulikuwa wachaguzi hodari. Nalisema hili mapema asije mtu akadhani nimetoka katika ukoo wa wapinzani. Katika Zaire nzima sidhani kama kulikuwa na mlima uliompenda Rais kuliko mlima wetu wa Kalemie, na tulikuwa na sababu nzuri ya kumpenda: tulikaa juu. Nyumba zetu zilijengwa na Wabelgiji enzi mji ukiitwa Albertville, zenye baraza pana, bafu la ndani na madirisha yanayotazama ziwa. Wabelgiji walipoondoka baraza zilibaki, nasi tukaingia tukakalia viti vyao. Chini yetu waliishi watu wa soko, wa reli na wa mitumbwi. Wao walitakiwa kumpenda Rais hukohuko vumbini, na sijui waliwezaje.

Mwelekeo wetu wa kisiasa? Papa, baba yangu, aliyekuwa mkubwa wa maghala ya bandari, alikuwa na mielekeo miwili, na yote miwili ilitoka katika redio moja. Sebuleni alifungulia redio ya taifa kwa sauti ya kufika barabarani, ili wapita njia wajue kuwa nyumba hii ina raia wema. Kisha aliibeba redio ileile hadi chumbani, akafunga mlango, akaibana sikioni asikilize habari za ng'ambo. Daktari, jirani yetu wa mkono wa kushoto, alifanya vilevile. Tulijua, kwa sababu jioni nyumba zote mbili zilinyamaza kwa pamoja. Picha ya Rais kwetu ilikuwa kubwa kuliko ya Bikira Maria, na Bikira, kwa upole wake, hakulalamika.

Jambo moja tu lilitushinda sisi wapenzi wa Rais: kusimama kwenye mstari. Mtu wa mlimani hasimami mstari, ana mtu wa kumsimamia. Katika uchaguzi uliotangulia huu ninaousimulia, avenyu yetu iliwakilishwa na wapishi, mayaya na walinzi. Mpishi wetu alichagua kwa jina la Papa, akachagua kwa jina la Mama, halafu akakumbuka kuwa naye ni raia. Alirudi amechoka kuliko siku ya kufua mapazia. Wakubwa hawakukasirika kwamba mtu mmoja alichagua mara tatu. Aa wapi, hilo halikuwa kosa, lilikuwa bidii. Walikasirika kwa sababu picha zilipopigwa, mstari wa matajiri wa Kalemie ulikuwa umevaa aproni.

Aliyebebeshwa aibu ile ni mkuu wa avenyu. Tulimwita Papa Avenyu, mzee mwembamba aliyestaafu ukarani, mwenye abakosi moja, ile suti isiyo na tai tuliyoambiwa ndiyo vazi la mtu huru, na bomba la kusemea lisilo na betri. Alilibeba hivyohivyo, akalisemea, na sauti ikatoka ileile aliyozaliwa nayo. Komisere wa zoni, ndiye mkubwa wa serikali mjini, alimwita biro, ofisini kwake, akamwambia kwamba safari hii anataka nyuso. Wageni wakubwa wangetoka Lubumbashi kuja kuwatazama wasomi wa Kalemie wakichagua kwa mikono yao wenyewe. Nyuso zikikosekana, Papa Avenyu angehamishiwa Niemba akawe mkuu wa avenyu huko, ambako, kwa jinsi alivyotusimulia huku akijifuta jasho, avenyu yenyewe hakuna.

Basi wiki nzima alipita nyumba kwa nyumba. Kila mlango aliugonga kwa bomba.

"Sitwayeni, wote! Hata mugonjwa! Hata mwenye kujifungua asubuhi ileile!"

Miaka ile hatukuwa tena na mabwana na mabibi, sote tulikuwa sitwayeni, raia sawasawa, wa baraza na wa vumbi. Ila wa baraza waligongewa mlango, wa vumbi walifuatwa na askari.

Mimi mwaka ule nilikuwa nimefikia umri wa kuchagua, na nilikuwa na hamu, Mungu anisamehe. Shuleni mwalimu alitufundisha kuwa kuchagua ni kuchukua kimoja na kuacha kingine. Nikamuuliza Papa hicho kingine ni kipi.

"Kuna kadi ya kijani, maana yake ndiyo. Kuna na nyekundu, maana yake hapana."

"Na nyekundu inapatikana wapi?"

"Weye mutoto, kula chakula chako."

Mama alinishonea kitenge kipya chenye uso wa Rais. Fundi alikata vibaya, na uso ukaangukia pale pa kukalia. Tulitaka kukishona upya, muda ukakosekana.

Katika nyumba yetu, hata katika avenyu nzima, alikuwapo mtu mmoja tu aliyekuwa na siasa, naye hakuwa mtu wa mlimani. Ni Nkambo, ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, mama yake Mama, aliyeletwa kwetu kutoka upande wa Moba alipoanza kuugua. Papa Avenyu alipokuja kumwandikisha, Nkambo aliuliza kutoka kitandani: "Huyo anashindana na nani?" Akaambiwa hashindani na mtu. "Basi amekwisha kushinda. Niacheni nilale." Papa Avenyu alicheka sana, kicheko cha mtu anayetazama kama dirisha limefungwa, kisha akamwandikisha.

Nkambo hakuogopa kufa. Alichoogopa ni kuchelewa kuliliwa. Alimwambia Mama mara nyingi, wengine wanavyowaambia watoto wao habari za shamba na mbuzi: "Muntu anasikia kilio chake mwili ungali na moto. Ukipoa, munajililia wenyewe. Binti yangu, usinicheleweshe." Mama alikuwa akimjibu, "Acha maneno hayo, Mayo," maana mayo ni mama kwa lugha ya kwao. Lakini aliyashika. Miezi ile yote ya ugonjwa alilala pembeni ya kitanda chake, chini, juu ya mkeka, mke wa mkubwa wa maghala mwenye kitanda cha Wabelgiji.

Na Nkambo, ambaye hakuwahi kuiomba serikali lolote, akachagua kufa alfajiri ya siku ya uchaguzi.

Nilisikia mlango. Nilipotoka, Mama alikuwa amekwisha kufungua kilemba na kujifunga kitenge kiunoni, anakwenda uani. Kilio huanza mfiwa, wanasema, na kwetu si maneno ya kupamba mazungumzo. Mtoto wa marehemu hutoka nje na kupaza sauti. Jirani wa kwanza hupokea, wa pili hupokea, na kila anayesikia huacha alichoshika, sufuria motoni, kazi, misa, akaja kuketi. Hadi maziko yapite, avenyu haina shughuli nyingine. Na kabla sauti ile haijatoka, ukija kwenye mila, hakuna aliyekufa.

Papa alimkuta mlangoni, akamshika mabega.

"Ngoja."

"Ningoje nini?"

"Ukilia sasa, avenyu yote itajaa hapa. Nani atabaki wa kuchagua?"

Mama alimtazama kama asiyesikia lugha. Mimi nilidhani Papa amechanganyikiwa kwa huzuni, kwa maana Nkambo alimpenda na yeye alimpenda Nkambo. Wapi! Alikuwa na akili zake zote. Alinituma nimwite Papa Avenyu, mbio, na nisiseme neno njiani.

Papa Avenyu alifika na abakosi yake imefungwa kifungo kimoja. Akavua kofia, akamwambia Mama pole, pole sana, na machozi yalimlengalenga, sitamsingizia. Kisha akaketi, akafikiri, akauliza:

"Nani amekwisha kulia?"

"Hakuna mutu," akasema Papa.

Uso wa Papa Avenyu ukapata nuru. "Basi hajakufa."

"Papa Avenyu," Mama akasema polepole, "mama yangu amekufa. Ingia umuone."

"Mama, mimi ninamuheshimu sana. Lakini weye unajua desturi kuliko mimi. Kabla ya kilio, muntu bado ni mugonjwa. Njo desturi ya wazee wetu, na serikali imetuambia turudie desturi za wazee wetu."

Hapo nilitambua kwa nini yule mzee alidumu ukarani miaka yote ile. Serikali ilitupigia kelele za uhalisi wa mababu hadi tukavua tai na kubadili majina, na sasa mababu wenyewe walikuwa wamekuja kusaidia mahudhurio.

Mama alimgeukia Papa. "Papa wa watoto, mama yangu anangoja. Unajua alivyosema. Anangoja nimulilie."

"Najua."

"Sasa?"

Papa alikuwa akitazama sakafu, vile vigae vya Wabelgiji. "Nyumba hii si yetu. Wageni wakikuta avenyu tupu na wakisikia ni sababu ya kilio cha kwangu, kazi imekwisha. Tutamuzika kutoka wapi?"

"Kutoka popote ambapo watu wanaruhusiwa kulia."

Lakini hakutoka kwenda uani. Hilo nalikumbuka vizuri, alibaki amesimama. Papa Avenyu akaona mwanya akaingia. Saa nne, alisema. Wageni watakuja mapema, watu watachagua, saa nne kila kitu kimekwisha, na hapo Mama atalia hadi Kigoma wasikie, na yeye mwenyewe Papa Avenyu atakuwa wa kwanza kupokea. Mama akarudi chumbani. Akaweka kiganja chini ya shingo ya Nkambo, akakiacha pale.

"Angali na moto," akasema. "Saa nne?"

"Saa nne, Mama. Kwa jina la Chama."

Basi Mama akamfunika mama yake mablanketi mawili, katika joto la Kalemie, akafunga dirisha ili upepo wa ziwa usiingie. Alifunga na mapazia. Nikasema nitabaki naye, kwa maana maiti haachwi peke yake, hata mbwa wa mtu tungemkalia kidogo. Papa Avenyu akakataa. Vijana wa Chama wangepita kukagua nyumba, na kila nyumba lazima iwe tupu. Tena mimi nilikuwa mchaguzi mpya, wageni wangependa kuniona. Tukafunga mlango kwa ufunguo, tukamwacha Nkambo. Nilimchukia Papa asubuhi ile, na sikuficha. Nilitembea nyuma yao, uso wa Rais ukitikisika pale pa kukalia.

Uchaguzi ulikuwa katika uwanja wa shule, katikati ya mlima na soko. Watu wa chini walikuwa wamekwisha kuletwa, mstari wao unazunguka ukuta. Wa kwetu ulikuwa mfupi, mzuri, na umekaa: wanawake wa mlimani walikuja na viti, na daktari alikuja na mwavuli na mtu wa kuushika. Meza ilikuwa na rundo la kadi za kijani lililotaka kuanguka kwa wingi, na kadi nyekundu chache zilizofungwa kamba, fundo gumu, nadhani asije mtu akaichukua kwa bahati mbaya akaharibu maisha yake. Palikuwa na masanduku mawili. Pembeni ya lile la nyekundu alisimama askari mwenye bunduki, kulilinda lisisumbuliwe. Ngoma zilipigwa, vijana wa Chama wakiimba, na kina mama wa soko wakacheza mbele, tumbo tupu, wakimshukuru aliyewashibisha.

Jirani yetu, mke wa daktari, akamwinamia Mama. "Mama mukubwa ameamkaje leo?"

Mama akafungua mdomo, na Papa akawahi. "Anaendelea."

"Mungu asifiwe. Ningeleta supu, lakini hii votasiyo, huu uchaguzi! Nitaileta jioni."

Saa nne ilifika. Wageni hawakufika. Komisere akatangaza kwamba mstari wa soko uendelee, lakini mstari wa wasomi ungoje, kwa sababu wageni wametoka mbali kuja kuuona na itakuwa aibu wakute tumekwisha. Nchi nyingine, nasikia, watu husihiwa wajitokeze kuchagua. Sisi tulijitokeza na kukatazwa. Papa Avenyu alipita pembeni yetu, akimkwepa Mama kwa macho.

"Papa Avenyu," Mama akamwita. "Saa ngapi?"

"Sasa hivi, Mama. Ndege imekwisha kutua, nasikia."

Ndege ilikuwa haijatua. Ilipotua, nasikia, wageni walipelekwa kwanza kunywa kitu baridi. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Jua likatupanda kichwani. Mama hakukaa kwenye kiti chake, alisimama, na midomo yake ikinong'ona. Nilipomsogelea nikasikia anachosema: "Ngoja, Mayo. Nakuja, Mayo. Ngoja kidogo." Kila mara aliitazama njia ya mlimani. Nikamvuta Papa mkono nikamwambia amruhusu aende. Papa alikuwa analowa jasho, kola nzima. Akasema, "Kidogo tu." Hakunitazama.

Wageni wakaja jua likiwa utosini, wanene, na miwani myeusi. Tukasimama, tukapiga makofi. Mmoja akatoa hotuba kwamba Kalemie ni lulu ya ziwa na kwamba amefurahi kuona mashavu ya wasomi yana afya. Kisha akauliza mbona akina mama wa mlimani hawachezi. Wale wa soko wanacheza, hawa je? Hawana furaha?

Komisere akamtazama Papa Avenyu. Papa Avenyu akamtazama kiongozi wa ngoma, mama mmoja mnene mwenye filimbi shingoni. Yule mama akaja moja kwa moja kwa Mama, kwa sababu Mama alikuwa amesimama, na kwa sababu alikuwa mke wa mkubwa wa maghala, na wengine wote walikuwa wanahangaika kuficha viti. Akamshika mkono, akamvuta mbele ya wageni, akamtia kadi ya kijani kiganjani.

"Cheza, Mama! Onyesha furaha! Imba, sisi tutakupokea!"

Papa akapiga hatua, akasema "Huyu hajisikii vizuri," lakini ngoma zilikuwa zimekwisha kupanda na hakuna aliyemsikia isipokuwa mimi.

Mama alisimama pale na kadi yake. Nilimwona akishusha pumzi. Akaweka mikono miwili kichwani, kadi ya kijani juu ya nywele, akafungua mdomo.

"Mayo! Mayo wee! Mayo, umeniacha na nani, Mayo wee!"

Sauti ile sijaisikia tena maishani. Wapiga ngoma, kwa mazoea, walimfuata, na wageni wakafurahi wakaanza kupiga makofi kwa mapigo yake. Mmoja alimwinamia Komisere kumsifu. Walidhani ni wimbo wa kikwetu wa kumsifu Rais, wenye huzuni kidogo, lakini wa kikwetu. Halafu mpiga ngoma kubwa, mvuvi wa chini huko, akasikia anachofuata. Mikono yake ikasita, kisha ikageuza, ikapiga ngoma ya msiba.

Mke wa daktari alipokea wa kwanza. Alikitupa kiti. "Yoo! Mama mukubwa yoo!" Nyuma yake wengine, vilemba vikifunguliwa, viatu vya visigino vikivuliwa. Kisha wale mama wa soko, waliokuwa hawamjui Nkambo wala hawajawahi kukanyaga mlimani ila kwa kufua nguo, wakaacha kucheza, wakajifunga viuno, wakapokea kwa nguvu kuliko sote. Kilio hakiulizi unakaa avenyu gani. Mama aligeuka akashika njia ya mlimani, anakimbia, na mstari wote ukamfuata, wa wasomi na wa vumbi pamoja, wanawake mbele, wanaume nyuma wamevua kofia. Mimi nilikimbia nimepandisha kitenge magotini. Nyuma yangu nilimsikia mgeni akiuliza, "Wanakwenda wapi?" na Papa Avenyu akajibu kwa lile bomba lake: "Wanakwenda kusherehekea, Shefu!"

Waliobaki uwanjani ni wageni, Komisere, Papa Avenyu, askari wa sanduku jekundu na Papa.

Mama alifika nyumbani kabla yetu. Nilipoingia chumbani alikuwa amekwisha kuvuta mablanketi, amepiga magoti, kiganja chake kiko chini ya shingo ya Nkambo. Akakitoa, akaweka kwapani. Akashika miguu yote miwili, akaikandakanda, kama anavyofanya mtu kwa mtoto aliyetoka mtoni. Uani watu walikuwa wanalia hadi mabati yanatetema. Mlima ule haukuwahi kuwa na watu wengi hivyo, na hakuna aliyefuatwa na askari.

"Amepoa," Mama akaniambia. "Amepoa, mutoto wangu. Mimi nimechelewa."

Na hapo, penye haki ya kulia, akanyamaza. Walimpeleka mkekani, wakamzunguka, wakalia kwa zamu, naye akakaa katikati macho makavu. Wanawake walishangaa. Mimi sikushangaa. Nililia kwa hasira, nililia hadi nikatapika.

Papa alikuja jua likishuka, amekwisha kuchagua kijani. Alianza kulia tangu langoni, kwa sauti, kama impasavyo mkwe, na kilikuwa kilio cha kweli. Mama hakuinua kichwa. Papa akaenda kuketi na wanaume.

Tulimzika Nkambo kesho yake. Siku ya pili ya matanga, redio ya taifa ikatangaza matokeo. Avenyu zote za Kalemie zilihudhuria kamili, hakuna aliyekosa, na zote zilisema ndiyo. Tulisikiliza tukiwa juu ya mikeka, sisi tuliokosa. Hakuna aliyeadhibiwa. Ungemwadhibu nani kwa kuondoka, wakati kwa mujibu wa serikali hakuna aliyeondoka? Papa aliongezewa cheo. Wageni waliandika, nasikia, kwamba akina mama wa mlimani wa Kalemie wana animasiyo, ile ngoma ya kumsifu Rais, inayogusa moyo.

Jioni ile akaja Papa Avenyu. Alisimama pembeni ya mkeka wa Mama, kofia mkononi, bila bomba. Siku mbili zile Mama hakuwa amekula wala kulala wala kutoa chozi, alikuwa akirudia neno lilelile moja, nimechelewa, nimechelewa, hata padri alishindwa naye. Mimi nilisimama nimfukuze yule mzee. Nilikuwa na maneno tayari.

"Mama," akasema, "nilitaka mujue kwamba sikumusahau mugonjwa wenu. Nilimuchagulia mimi mwenyewe, saa kumi, sanduku likikaribia kufungwa. Nimemuandika vizuri. Kwa serikali, alichagua, na kisha njo akafa, magaribi."

Niliona watu wakijiinamia kwa aibu. Lakini Mama aliinua kichwa, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akamtazama.

"Saa kumi alikuwa muzima?"

"Muzima kabisa, Mama. Imekwisha kuandikwa Lubumbashi."

"Saa sita, nilipolia pale shuleni?"

Papa Avenyu alikuwa mwoga na mwongo wa miaka mingi, lakini hapo nadhani alielewa anachoulizwa. Alipiga magoti, na abakosi yake moja, akaishika mikono ya Mama.

"Saa sita alikuwa na moto bado, Mama. Njo vile serikali inasema."

Mama ni mwanamke ambaye hakuwahi kuamini neno la redio ile, hata saa iliposomwa alikwenda kuhakikisha kwenye saa ya ukutani.

"Basi alinisikia," akasema.

Kisha uso wake ukavunjika, akalia, kwa sauti, akiita Mayo wee, Mayo wee, na wanawake wakapokea. Alilia hadi koo likakauka. Alipopata pumzi alinivuta kitenge, mimi niliyekuwa bado nimesimama na maneno yangu mdomoni, akaniambia nimletee Papa Avenyu kiti na chakula.

Nikamletea.